Una Nani Wodini?

Kiwanda kilipofungwa hawakuwa na fedha ya kiinua mgongo,
wakanipa gari.
Ubavuni lilikuwa limeandikwa MKATE WA LEO;
K imebanduka,
watoto wa Pasua wanasoma Mate wa Leo, wanacheka.

Nimetoa kreti, nimeweka godoro la futi mbili na nusu,
jiko la gesi, ndoo, redio, kanga za kuziba vioo.
Siku za jua kali hamira inaamka kwenye mbao za sakafu,
nami nalala ndani ya harufu ya kazi niliyoachishwa.

Miaka kumi na tisa nilipita vituo hivi
saa kumi na moja alfajiri, injini inanguruma,
nikishusha, nikihesabu, nikisainiwa, nikiondoka.
Niliijua Moshi kama mtu anavyoijua nyumba ya mdeni wake:
mlangoni tu.

Usiku wa kwanza, Njia Panda, nyuma ya kituo cha mafuta.
Malori ya Taveta yamepangana, pua kwa mkia.
Utingo mmoja anapiga mswaki saa saba usiku
kana kwamba kuna mtu anamsubiri.
Mtoza hela ya choo ananiuliza, Mama, uko peke yako?
Namwambia mume wangu amelala kule nyuma.
Baadaye, gizani, nakohoa kwa sauti nzito
ili mume wangu aaminike.

Kiboroloni, mvua.
Mtu anagonga bati: Mikate ipo?
Kabla sijaamka vizuri mkono umeshatafuta kreti.
Hakuna, nasema, na hatua zake zinasikika zikienda kwenye matope
taratibu,
nami nakesha na aibu, kama niliyemnyima.

Pa kulala mtu peke yake ni hospitali.
Hili sikufundishwa.
Maegesho ya hospitali kubwa yana taa, yana bomba,
na ndani ya kila gari kuna mtu amejikunja, anasubiri.
Hakuna anayekuuliza kwa nini huendi nyumbani.
Wanauliza: una nani wodini?

Ombeni, mlinzi, kijana wa Uru, aliuliza hivyo
tochi yake ikitembea juu ya godoro langu.
Dada yangu, nikasema. Mguu.
Nilidhani uongo mfupi namna ile hauna pa kukulia.

Asubuhi akaja na chupa ya chai iliyojaa mtori.
Mke wake aliamka saa tisa kumenya ndizi.
Mpelekee ungali wa moto, akasema,
na wewe ule. Ninyi wenye wagonjwa hamli.

Ningemwaga. Ningewasha gari.
Lakini mtu aliyebeba mikate miaka kumi na tisa
hajui kurudi na mzigo.

Nikapanda ngazi. Wodi ya mifupa, korido ndefu,
harufu ya dawa na uji.
Kitanda cha dirishani, mwanamke,
mguu umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga.
Nakijwa, ametoka Same, gari lililomleta lilishageuza.
Nikamimina. Akala bila kuniuliza mimi ni nani.
Alipomaliza akafuta mdomo kwa ncha ya shuka,
akasema:
Leo umechelewa.

Huu ni usiku wa sita, maegesho yale yale.
Mimi niliyeapa nikipata gari langu sitazima injini mpaka Iringa.
Mlima unajifunua kabla ya saa moja,
kisha unajivutia shuka kama mtu asiyetaka wageni.
Ombeni anauliza, dada anaendeleaje?
Namwambia daktari kasema wiki tatu,
na hilo ni kweli, nilikuwepo aliposema.

Betri imekufa tangu juzi.
Sijamwomba mtu anisukume.